Honda XL 125 ya zamani: fundi anataka niitoe injini niweke ya kichina. Nishaurini kabla sijamjibu

Mhimilishaji_Makete

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Nafanya uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija badala ya dume, kwa wafugaji wadogo, Matamba na vijiji vya njia ya Kitulo, wilaya ya Makete. Namiliki Honda XL 125 ya zamani: kiki tu, breki za ngoma mbele na nyuma, silinda moja inayopozwa na upepo. Ilikuwa ya mradi mmoja uliofungwa zamani, ikauzwa mnadani, ikakaa kwa mtu, halafu nikainunua mimi. Hela niliyotoa haikupishana sana na ya bodaboda mpya ya dukani, na wapo walioniambia usoni kwamba nanunua chuma chakavu. Nimekaa nayo msimu wa mvua wote. Sasa fundi wetu wa hapa ananishauri niitoe injini yake niweke ya kichina ya 150. Nataka niwasikie ninyi kwanza.

Nianze na kazi, maana pikipiki inapimwa kwa kazi yake. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, nampandisha jioni. Akionekana jioni, nampandisha kesho yake asubuhi. Muda huo ukipita, mfugaji anasubiri tena kama wiki tatu, na ndama na maziwa vinasogea mbele. Mbegu ziko kwenye mirija midogo ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi huo lazima ukae wima, na naitrojeni haiuzwi njiani kama petroli. Nimeufungia ndani ya kreti la soda juu ya keria, pembeni nimesokomeza sponji, juu nimekaza na mpira wa tyubu. Sihitaji pikipiki ya mbio. Nahitaji itakayofika wakati ng'ombe bado anapokea, na mtungi ukiwa umesimama.

Nilichokiona tangu siku za mwanzo ni hiki.

Ni ndefu. Kwenye bodaboda niliyokuwa naendesha zamani nilikuwa nakanyaga chini kwa soli nzima. Kwenye XL vinavyogusa ni vidole. Kwa hiyo nachagua pa kusimama: upande wa juu wa barabara, penye tuta au jiwe, na mguu wa kushoto ndio unaotangulia. Dada mwenye urefu wangu asiogope, mwili unazoea, ila asianze kujifunzia sokoni kwenye watu.

Gurudumu la mbele ni inchi 21, na hapo ndipo nilipoipenda. Mnaojua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, zile kona 57, mnajua Fuso za viazi zinavyoiacha wakati wa mvua: mifereji miwili mirefu, katikati tuta la udongo unaoteleza. Bodaboda ikiingia kwenye mfereji inaufuata mfereji unakotaka. XL ukiigeuza inapanda ukingo na kutoka. Na mawe yale ya kona za juu, ambayo zamani nilikuwa nayasikia kwenye viwiko, sasa shokapu zinayameza na mtungi hautikisiki.

Gia ya kwanza ni fupi. Naweza kupanda na mtungi, boksi la chanjo na begi la glovu kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kubana klachi hata mara moja. Njia ya kwenda kwa mfugaji huku nyuma ya mashamba ya pareto ni ya miguu, si ya gari, na mwendo ninaouhitaji ni huo.

Kuwasha kuna utaratibu wake: fungua koki, vuta choki, sukuma kiki taratibu mpaka ikaze, iachie irudi juu, kisha ipige moja kwa mguu mzima. Asubuhi za baridi, nyasi za Kitulo zikiwa nyeupe kwa barafu, inawaka. Sina stati ya kidole na sijaitamani. Geji ya mafuta haina pia. Ikianza kukohoa nageuza koki kwenye resevu na najua mafuta yaliyobaki yananifikisha nyumbani.

Na kila kitu kiko wazi. Nikiinama naona kabureta, plagi, waya wa klachi, cheni. Nimejifunza kukaza cheni, kutoa plagi na kurekebisha breki ya nyuma kwa spana zilizo chini ya siti. Kwa mwanamke anayefanya kazi peke yake mbali na gereji, hilo lina uzito kuliko kasi. Naipenda pikipiki hii, nasema wazi.

Sasa matatizo. Kutoka Chimala inavuta vizuri. Nikipita Matamba kuelekea Kitulo inaanza kuchoka: nikifungua mafuta inaguguma, inatoa harufu ya petroli, moshi mweusi kidogo, na plagi nikiitoa imejaa masizi makavu. Nikirudi chini inakuwa nzima tena. La pili, injini ikipata moto kuna mlio wa tik-tik juu kwenye hedi (kichwa cha injini). La tatu, taa. Nikipunguza mwendo kwenye kona usiku inafifia karibu kuzima.

Fundi anasema injini imechoka, spea zake ni za kutafuta, na ya kichina ina stati na ringi zake ziko kila duka. Amewafanyia watu wengine. Je, dalili hizi ni za kuchoka kweli? Aliyebadilisha injini, ilikaaje baadaye? Na nikibaki na hii, niweke akiba ya nini nyumbani?

---

Boda_wa_Chimala

Dada, pole na kazi. Nabeba abiria na viazi barabara hiyohiyo unayoisema, kwa hiyo naongea ninachokiishi.

Mimi niko upande wa fundi wako. Kaka yangu alikuwa na XL kama yako, akaweka injini ya kichina, na sasa pikipiki hailali. Waya wa klachi ukikatika, duka liko hapo. Koili ikiungua, iko hapo. Akitaka seti ya pistoni na ringi, anaipata Chimala bila kupanda gari kwenda Mbeya. Wewe ng'ombe hakusubiri, umesema mwenyewe, na XL ikikosa kidude kimoja utakaa wiki unapiga simu. Fremu ya XL ni nzuri, shokapu nzuri, magurudumu mazuri. Hivyo baki navyo. Moyo weka wa kisasa.

Kilichomsumbua mwanzoni ni cheni. Injini haikukaa sawa na sproketi ya nyuma, cheni ikawa inaruka na kula meno. Alirudi kwa fundi wa kuchomelea mpaka ikanyooka. Ukiamua kuweka, simamia hapo, usiondoke gereji mpaka umeona kwa macho yako mstari wa cheni umenyooka.

---

FundiMwanjelwa

Dada Mhimilishaji, ahsante kwa maelezo yaliyokamilika. Watu wengi huniletea pikipiki na neno moja tu, haivuti. Wewe umeeleza mpaka rangi ya plagi, na jibu la swali lako la kwanza limo humohumo: ikirudi chini inakuwa nzima. Injini iliyochoka imechoka bondeni na mlimani.

Chimala iko kama mita 1,000 na ushei juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Hewa ya huko ni nyepesi, na kabureta haina njia ya kulijua hilo. Inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha bondeni. Mafuta yanazidi hewa, plagi inapata masizi, injini inaguguma. Juu ya hapo, injini yoyote inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiweka hiyo ya kichina nayo itapoteza, na kabureta yake nayo itazidisha mafuta kulekule. Utakuwa umelipa injini nzima na tatizo bado unalo.

Fanya hivi, na kwa mpangilio huu, usiruke. Kwanza chujio la hewa. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, likamue bila kulisokota, likauke kabisa, lipake oili kidogo kisha likamue tena mpaka lisidondoshe. Pili hakikisha choki inafunga mpaka mwisho, maana waya wake ukikwama unatembea na choki nusu siku nzima bila kujua. Tatu ndipo uguse kabureta. Toa ile slaidi ya juu, utaona sindano imeshikwa na klipu ndogo kwenye vijino. Klipu ikipanda kijino kimoja, sindano inashuka zaidi, mafuta yanapungua. Panda kimoja tu, kaendeshe, toa plagi uitazame. Kahawia hafifu ndiyo tunayoitaka. Nyeusi kavu bado ni mafuta mengi. Nyeusi ya utelezi ni oili, na ukiona hiyo ndipo tuanze kuzungumza habari ya ringi. Kwa ulivyoeleza, hujafika huko.

Mlio wa tik-tik naomba usiupuuze, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeona hedi nyingi zikifa hivi. Kamshafti (shafti inayosukuma valvu) ya injini hizi ndogo haizunguki kwenye beringi. Inazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi, na kinachoitenganisha na chuma kusaga alumini ni oili peke yake. Injini inabeba lita moja hivi. Ikipungua robo, hedi ndiyo ya kwanza kukosa, na hedi ndiyo spea ghali na ngumu kupatikana kuliko zote kwenye XL. Pistoni utapata, ringi utapata, hata kabureta utapata ya kuoana. Hedi nzima isiyoliwa utaitafuta sana.

Kwa hiyo: injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima, set tapeti, yaani nafasi ya valvu, kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia) kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Kipimo cha bodaboda ya jirani usikitumie. Washa, sikiliza ikipata moto. Mlio ukiisha, ilikuwa nafasi ya tapeti tu. Ukibaki, kifuniko cha hedi kifunguliwe, kamshafti ishikwe kwa vidole itikiswe juu na chini. Ikicheza, imeshaanza kula, lakini ukiwahi kuna mafundi wa mashine wanaoweza kuitengenezea bushi.

Oili badilisha mapema kuliko unavyodhani ni lazima. Injini hii haina filta ya karatasi. Ina wavu chini na kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni, na vyote viwili huwa vinasahaulika miaka na miaka. Mwambie fundi avifungue avisafishe. Na weka oili ya pikipiki. Klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze.

Taa: kwanza angalia kama mfumo wako ni wa volti 6 au 12, maana XL za zamani nyingi ni 6. Taa ya mbele kwa nyingi zake inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, kwa hiyo mwendo ukishuka nayo inashuka. Safisha ethi zote (pale waya zinapofungwa kwenye chuma cha pikipiki) mpaka chuma king'ae, badilisha soketi ya balbu kama ina kutu, na kwenye kona shuka gia moja ili injini izunguke juu. Balbu ya volti 12 usiweke kwenye mfumo wa 6, itakuwa hafifu zaidi.

Kuhusu kubadilisha injini, mimi hufanya kazi hiyo, kwa hiyo siisemi vibaya. Inafaa pale injini ya XL imekufa kabisa na hedi haipatikani. Ila ujue unachokipoteza. Ile gia ya kwanza fupi uliyoisifia iko ndani ya injini, wala si kwenye fremu. Injini nyingi za 150 za bodaboda zimepangwa kwa lami na abiria. Utaongeza meno ya sproketi ya nyuma kuifidia, na hapo mwendo wa lami utashuka. Halafu kuna kukata na kuchomelea vishikio kwenye fremu, ekzosi kutafutiwa njia, mtetemo kuongezeka kama vishikio havikukaa sawa. Mtungi wako wa naitrojeni utausikia mtetemo huo kabla yako.

---

Bwanashamba_Mstaafu

Marahaba binti yangu.

Umenikumbusha mbali. Nilikuwa bwana shamba pande hizo wakati bado tuko Mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012, na nilipewa XL ya kazi kuwafikia wakulima wa pareto. Aliyeieleza hedi hapo juu ameeleza ukweli mtupu, msikilize. Mimi nitaongeza ya barabarani.

Watu wanaogopa kupanda kona 57. Mimi nakuambia ogopa kuteremka. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo zinapata moto, na zikipata moto zinalegea mkononi mwako bila taarifa. Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Shusha gia kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, acha injini ishike, breki iguse na kuachia, iguse na kuachia. Ukivuka kijito, maji yanaingia ndani ya ngoma na breki inakuwa haipo. Usingoje kona ndipo ugundue. Toka majini ukiwa umegusa breki zote mbili kidogo huku unakwenda, mpaka uzisikie zimerudi.

Tyubu. Hapo kijijini kila mtu ana tyubu za 17 na 18, za 21 hakuna. Kwa hiyo beba tyubu moja ya 21 kila safari, uizungushie nguo isisuguliwe na spana. Hiyo moja inakutosha kwa magurudumu yote mawili, kwa sababu ukipata pancha mbaya ya nyuma unaweza kuisokomeza tyubu ya 21 ndani ya tairi la 18, itajikunja kidogo, na itakufikisha nyumbani kwa mwendo wa taratibu. Ya 18 usijaribu kuivuta ikae kwenye 21 ukategemea safari ndefu. Waya wa klachi nao beba wa pili, na wengine huufunga kabisa sambamba na ule wa kazini ili ukikatika unahamisha vichwa tu.

Petroli ya chupa za maji za barabarani ichuje kwa kitambaa na uinuse. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya watu kuchanganya mafuta ya taa, lakini chupa ya kibandani imeshapita mikono mingi. Injini ndogo inayopanda mlima na mzigo haistahili mafuta ya taa. Na chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwaga uchafu. Ifungue mara kwa mara, utashangaa maji yanayotoka.

Wanaokuambia silinda moja ya upepo haina uwezo, waambie mbio za kwanza za Paris–Dakar, zilizomalizika Januari 1979, mshindi wake alikuwa Mfaransa Cyril Neveu, akiwa juu ya Yamaha XT500: silinda moja, inapozwa na upepo, inawashwa kwa kiki. Hiyo ni kubwa mara nne ya yako kwa ujazo, lakini ni ukoo mmoja wa mawazo. Waliojenga pikipiki hizi walitaka mtu akikwama jangwani aweze kuifungua akiwa peke yake, na wewe jambo hilo umeligundua kwa spana zako chini ya siti.

Usiitoe injini.

---

KadiMezani

Naongeza la karatasi, kwa kuwa limewatokea wengi ninaowahudumia.

Umesema ilikuwa ya mradi. Vyombo vya miradi ya wafadhili vilivyokuwa na namba za DFP mara nyingi viliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Kikiuzwa kwa mtu binafsi, kodi inatakiwa ilipwe na namba ibadilishwe. Kwa kuwa ilishapita kwa mtu mwingine kabla yako, hakikisha kadi uliyonayo ina namba ya MC, ile ya kawaida ya pikipiki, na kwamba umiliki umehamia kwako TRA kwa jina lako. Mkataba wa mauziano wa kwenye karatasi ya daftari hautoshi.

Na kuhusu injini: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadilisha injini, taarifa za kadi nazo zinatakiwa zibadilishwe, kwa risiti ya injini mpya. Ukisimamishwa na namba hazilingani, utaeleza kituoni na mtungi wako ukiwa juani. Ukija kuiuza, mnunuzi makini atakataa. Boda_wa_Chimala, mkumbushe na kaka yako.

---

Boda_wa_Chimala

Nimemuuliza, hajabadilisha kadi. Ahsante mkuu, nitampeleka mwenyewe.

Na fundi umenielewesha suala la gia. Kweli ile ya kaka inapanda kwa kelele nyingi kuliko zamani, na alishaongeza sproketi ya nyuma. Mimi nilikuwa nahesabu spea tu.

---

Mhimilishaji_Makete

Nimerudi wakubwa zangu. Ahsanteni sana, na baba yangu Bwanashamba shikamoo tena.

Maelezo ya FundiMwanjelwa nilimsomea fundi wetu wa hapa. Hakukasirika hata kidogo, akasema tuifungue pamoja. Chujio la hewa lilikuwa limeganda vumbi na oili mpaka limekuwa gumu. Klipu ya sindano tuliikuta kwenye kijino cha chini kabisa, yaani mafuta mengi kuliko yote inayoweza kutoa. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa anaendeshea bondeni, huenda ilimfaa huko. Tumeipandisha kijino kimoja, nikaenda. Kikaongezwa cha pili, nikaenda tena. Sasa nafika Kitulo bila kuguguma na plagi ni kahawia. Nguvu kule juu ni pungufu kuliko Chimala, hilo nalihisi, ila ni upungufu wa kutulia. Nashusha gia na kuendelea.

Kikombe kile kinachozunguka tulikikuta kimejaa tope jeusi lililoshikana. Fundi wetu alisema hajawahi kuona mtu akikifungua. Sasa anakifungua kwa kila anayekuja.

Tapeti zimesetiwa, mlio umepungua sana lakini mdogo umebaki. Sitabahatisha. Naipeleka Mbeya kifuniko cha hedi kifunguliwe kabla ya mvua za Novemba, na mpaka hapo napima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Taa imekuwa nzuri zaidi baada ya ethi kusafishwa. Kadi ina namba ya MC na jina langu, nimeitazama tena kwa macho mawili.

Injini inabaki. Juzi jioni niliitwa kwa bibi mmoja mwenye ng'ombe mmoja tu, nyumba iko juu ya kilima baada ya mashamba ya viazi, njia upana wake ni wa mtu na jembe. Nilipanda yote kwa gia ya kwanza, mtungi umesimama, nikamkuta ng'ombe bado yuko kwenye joto. Gia hiyo siwezi kuiuza.

Nimebakiwa na maswali mawili. Tyubu ya 21 naipata wapi karibu? Na mwezi ujao nashuka Mbarali kwa kazi ya chanjo, nitakaa bondeni muda mrefu. Niiache klipu ilivyo?

---

FundiMwanjelwa

Usiiache. Bondeni hewa ni nzito, na kwa klipu ya mlimani mafuta yatakuwa machache. Injini itapata moto kupita kiasi, na hedi yako yenye mlio ndiyo itakayolipa. Kabla ya kushuka irudishe kijino kimoja chini, endesha nusu siku, tazama plagi. Ikiwa nyeupe, rudisha na cha pili. Ukirudi Matamba panda navyo tena. Ni kazi ya bisibisi na dakika chache ukishazoea, mwambie fundi wako akuoneshe uifanye mwenyewe mara moja mbele yake.

Ukija kwa ajili ya hedi, njoo na kitabu cha injini kama unacho, na usibadilishe oili siku hiyo. Nataka kuiona iliyotumika.

---

Boda_wa_Chimala

Tyubu ya 21 nitakutafutia Mbeya Jumamosi, nakwenda kuchukua matairi yangu. Ulizia kijiwe cha stendi Chimala utanikuta. Nikuletee moja au mbili?

---

Mhimilishaji_Makete

Mbili kaka, na waya mmoja wa klachi ukiuona. Fedha nitakutumia Ijumaa.